Mafuta Kwenye Gurudumu la Nyuma

Mafundi wa pikipiki wa Kamina, saa hii mikono yenu imejaa grisi na redio imewekwa juu ya kiti cha moto, yaani pikipiki, ya mteja. Mazungumzo ya leo ni yenu, ni ya madereva wenu, na ni ya mama anayepanda nyuma na mfuko wake wa unga mapajani bila kujua kitu gani kinavuja chini yake.

Ninataka tuongee juu ya mafuta yanayoonekana kwenye gurudumu la nyuma.

Kila mmoja wetu ameyaona. Dereva anasimama parking, anainama, anaona rimu imelowa, pine ina michirizi myeusi, vumbi limegandamana kuzunguka ekseli. Anafika kwa fundi na maneno yaleyale: "Yaya, moto iko natosha mafuta ku nyuma. Unitiyie spi mupya, niende." Fundi anatia sili mpya, yaani hiyo spi, anapokea faranga zake, dereva anaondoka. Baada ya muda mfupi mafuta yamerudi palepale, na sasa lawama zinaanza: sili ni mbovu, duka ni la wezi, fundi hajui kazi.

Mimi ninasema hivi, na nitalishikilia neno hili mpaka mwisho wa kipindi: sili haifi yenyewe. Kuna kitu kinachoiua. Ukibadilisha sili bila kukitafuta kinachoiua, umetia nyingine kwenye foleni ya kufa.

Kwa nini tupoteze kipindi kizima kwa kipande cha mpira ambacho kinaenea kwenye kiganja? Kwa sababu ya mahali kilipo. Gurudumu la nyuma lina breki. Mafuta yakiingia kwenye breki, breki haishiki tena, na dereva atalijua hilo siku anapoihitaji. Hapa kwetu treni inakuja kwa siku yake, na Barabara ya Taifa namba 1, hii inayotoka upande wa Mwene-Ditu na Kaniama ikielekea Lubumbashi, tangu Oktoba hadi Aprili inakuwa matope na madimbwi. Moto ndiyo inayomfikisha mwanamke mwenye uchungu kwenye maternite. Ndiyo inayoleta samaki, makala na mahindi. Watu wengi wanategemea breki hiyo moja.

Sasa tuanze mahali ambapo kosa kubwa linaanzia, yaani kwenye swali la kwanza: mafuta haya yanatoka wapi?

Chukua moto zetu za kawaida, Boxer, TVS na ndugu zao za mnyororo. Ndani ya gurudumu la nyuma la moto ya namna hii hakuna mafuta ya maji hata tone. Kuna beringi zenye grisi, na pembeni kuna sili ndogo ambayo kazi yake ni kuzuia vumbi na maji yasiingie na grisi isitoke. Kwa hiyo ukiona mafuta mepesi yanachuruzika kwenye rimu ya Boxer, usilaumu gurudumu. Mara nyingi yanatoka mbele kabisa, kwenye injini, nyuma ya pinyo ya mbele, ile gia ndogo inayovuta mnyororo. Pale shafti inatoka nje ya injini, na pale kuna sili. Sili ile ikichoka, mafuta ya injini yanashuka juu ya pinyo, mnyororo unayachukua, unayapeleka nyuma na kuyarusha kwenye rimu, kwenye pine, kwenye mguu wa abiria. Dereva anaona nyuma panalowa, kumbe kidonda kiko mbele.

Kuna chanzo kingine kinachofanana nacho. Madereva wetu wengi wanamwaga mafuta machafu ya injini juu ya mnyororo, mengi, mpaka yanadondoka. Moto ikikimbia, mafuta hayo yanaruka. Hapo hakuna sili iliyokufa. Kuna mkono uliomwaga kupita kiasi.

Na kuna chanzo cha tatu, kigumu zaidi kukiona: grisi ya ndani ya gurudumu imeyeyuka. Breki ikikaa imegusa muda wote, kwa kuwa waya wa breki umekazwa mno au kamu inayosukuma viatu vya breki imeshikwa na kutu, ngoma ya breki inapata joto kali. Grisi inalainika, inapita kando ya sili na kuingia kwenye ngoma. Fundi aliyejaza grisi mpaka ikafurika naye anachangia, maana grisi ya ziada lazima itafute njia ya kutokea.

Utatofautishaje? Nilikaa karibu na fundi mmoja hapa mjini, si mbali na reli, nikamwangalia anavyofanya, na ninatamani kila fundi kijana angemwona. Moto ililetwa imejaa uchafu mweusi kutoka kwenye injini mpaka kwenye taa ya nyuma. Hakugusa spana. Alichukua brashi, sabuni na maji, akasugua gurudumu, mnyororo na kifuniko cha pinyo, akakausha kwa kitambaa mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Kisha akafungua mfuko mdogo wa unga wa mihogo, ule wa bukari, akachota kidogo kwa vidole na kuupuliza kuzunguka pinyo, kuzunguka ekseli na kwenye ukingo wa ngoma. Sehemu zote zikawa nyeupe. Akamwambia kijana mmoja apande moto mpaka barabarani, arudi polepole. Kijana aliporudi, unga wa kwenye ekseli ulikuwa bado mkavu, mweupe vilevile. Nyuma ya pinyo palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia ulioanzia kwenye shafti na kushuka chini. Fundi yule akaugusa kwa ncha ya kidole, akamwonyesha mwenye moto, akasema neno moja tu: "Hapa."

Unga kidogo ukaokoa kazi ya kufungua gurudumu bure. Hiyo ndiyo akili ya ufundi ninayoiheshimu. Ni kuona kwanza, kisha kufungua.

Niseme kidogo sili yenyewe ni kitu gani. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira. Upande wa ndani mpira unaishia kwenye mdomo mwembamba unaogusa shafti inayozunguka, na nyuma ya mdomo huo kuna springi ndogo ya duara inayoubana usilegee. Ukishika sili nyingi utaona zimeandikwa namba tatu, kwa mfano 25-40-7. Namba ya kwanza ni upana wa shafti inayopita katikati, ya pili ni upana wa tundu sili inamokaa, ya tatu ni unene wake, zote kwa milimita. Namba hizi ni bora kuliko kumwambia muuza duka "nipe ya Boxer", kwa sababu Boxer ziko za aina nyingi, na tofauti ya milimita 1 inatosha kuharibu kazi yote. Sili ya zamani ikiwa bado inasomeka, ichukue uende nayo dukani. Namba zikiwa zimefutika, pima shafti na tundu kwa kalipa.

Zamani sili zilikuwa za ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1849 kama kiwanda cha kutengeneza ngozi, ndiyo iliyotoa mwaka 1929 sili ya ngozi iliyofungwa ndani ya pete ya chuma. Katika miaka ya 1930 ikahamia kwenye mpira wa kutengenezwa na wakemia. Kwa nini hawakutumia mpira wa asili, ule wa utomvu? Kwa sababu mpira wa asili ukikaa kwenye mafuta ya injini unavimba, unalainika na kupoteza umbo. Nchi yetu inaujua mpira wa asili kwa uchungu: kati ya 1885 na 1908, wakati wa Leopold II, wazee wa wazee wetu walipigwa, wakashikwa mateka, wengine wakakatwa mikono kwa ajili ya utomvu huo wa porini. Uliwatajirisha wengine, na kwa kazi hii ya kuzuia mafuta haufai.

Ninaitaja habari ya mpira na mafuta kwa sababu ya jambo ninaloliona kwa macho yangu. Fundi anakosa sili dukani, anachukua mpira wa ndani wa pine, anakata duara kwa mkasi na kulipachika. Ninaelewa shida, vipuri vinatoka mbali, vinapita Kasumbalesa na Lubumbashi kabla ya kutufikia. Lakini mpira wa ndani ya pine umetengenezwa kushika hewa. Kwenye mafuta unavimba kama ule wa utomvu. Unamfikisha mtu nyumbani, labda. Mwenye moto lazima aambiwe kwamba ni dharura, asiambiwe kwamba imepona.

Na silikoni? Ile gundi ya tyubu inayopakwa kwa nje juu ya sili inayovuja? Haisaidii kitu. Mafuta yanapita pale mdomo unapogusa shafti, na shafti inazunguka. Huwezi kubandika gundi kwenye kitu kinachozunguka. Atakayekupaka silikoni pale amekuuzia siku chache za kutoona.

Haya, tuingie kwenye wauaji wa sili.

Wa kwanza ni mfereji. Mdomo wa sili, pamoja na mchanga wetu huu wa Kamina unaoingia kila mahali, unasugua shafti mwaka baada ya mwaka mpaka unachimba mstari. Pitisha ukucha wako taratibu juu ya shafti. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa kwenye mstari uleule itavuja hata kama ni ya asili kabisa. Dawa zipo. Kama tundu linaruhusu, isukume sili mpya ndani zaidi au iache nje kidogo, milimita 1 au 2, ili mdomo ukae mahali ambapo chuma bado ni laini. Moto nyingi pia zina bushi ya chuma iliyovishwa juu ya shafti nyuma ya pinyo, na sili inagusa bushi hiyo. Hapo kazi ni rahisi: badilisha bushi. Na ninawasihi, mkiitoa bushi, angalieni ndani yake. Mara nyingi kuna pete ndogo ya mpira, oringi. Ikikatika, mafuta yanapita chini ya bushi, mbali kabisa na sili, na unaweza kubadilisha sili mpaka pesa ziishe bila kuzuia tone moja.

Wa pili ni beringi. Shika pinyo kwa mkono, ipandishe na kuishusha. Ikicheza, beringi ya shafti imekwisha. Shafti inayocheza inapiga mdomo wa sili huku na huku, na mpira hauwezi kuifuata kwa mwendo ule. Hapa ndipo fundi na dereva wanapogombana, kwa sababu kubadilisha beringi hiyo ni kufungua injini, ni siku nzima, ni pesa. Fundi mwoga ananyamaza na kutia sili tu. Bora fundi anayesema ukweli na kumwacha mteja aende kufikiri.

Lakini beringi nayo imeuawa na nani? Mara nyingi na mnyororo uliokazwa mno. Vijana wanapenda mnyororo usionekane unalegea hata kidogo, wanadhani ndiyo moto inavuta vizuri. Abiria wawili wakipanda na gunia, nyuma inashuka, mnyororo unakazika zaidi na kuvuta shafti ya injini kwa nguvu kila mara gurudumu linapoingia shimoni. Uache mnyororo upande na kushuka katikati kama upana wa vidole viwili, upime na mtu akiwa amekaa juu, uzungushe gurudumu upime tena sehemu nyingine, kwa sababu mnyororo uliochakaa haulegei sawa kila mahali.

Wa tatu ni pumzi. Injini inapumua kwa bomba dogo la mpira. Bomba hilo likizibwa na matope, likikunjwa chini ya tangi, au nyigu akijenga nyumba yake ya udongo ndani wakati moto imelala wiki kadhaa, hewa ya ndani inakosa pa kutokea. Inasukuma mafuta, na mafuta yanatokea kwenye mlango dhaifu kuliko yote, yaani sili. Nimeona dereva amebadilisha sili mbele na nyuma, na tatizo lilikuwa donge la udongo ambalo waya wa spoku ungelitoa kwa dakika moja. Anzeni na bomba la pumzi. Ni bure.

Kuhusu kutia sili yenyewe sitakaa sana, mafundi mnajua. Ila mambo machache yanaonekana kila siku yakifanywa vibaya. Bisibisi inachimbwa pembeni ya tundu mpaka alumini inakwaruzika, na mkwaruzo huo unakuwa njia mpya ya mafuta. Tumia ncha butu, au toboa tundu dogo kwenye uso wa sili ya zamani, ingiza skrubu, vuta kwa koleo, ukiangalia usiguse shafti. Unapoingiza mpya, upande wenye springi unatazama mafuta. Paka mdomo mafuta kabla, kwa sababu sili inayoanza kuzunguka ikiwa kavu inaungua mdomo wake papo hapo. Funika meno ya shafti kwa kipande cha mfuko wa plastiki uliopakwa mafuta, ili meno yasikate mpira unapopita. Kisha igonge kwa kipande cha bomba au soketi yenye upana wa sili, polepole, iingie sawa kila upande. Nyundo ikiipiga moja kwa moja, inapinda, na springi inaruka ndani bila mtu kuona. Pima mafuta ya injini kabla ya kumruhusu mteja. Injini hizi ndogo zinashika karibu lita 1 tu, na moto iliyovuja kwa wiki nyingi inaweza kuwa imebaki na nusu. Injini iliyonata bei yake inazidi mbali ile ya sili.

Sasa nifike pale panaponitia wasiwasi kuliko pote: trisikli.

Moto ya pine tatu yenye sanduku nyuma imebadilisha biashara ya miji yetu. Magunia ya mahindi, makala, matofali, mitungi ya maji, vyote vinapita juu yake. Na trisikli haifanani na Boxer kwa upande wa nyuma. Ina ekseli nzima kama ya gari, katikati ina difaransha yenye mafuta mazito ya gia, na shafti mbili zinatoka kulia na kushoto kwenda kwenye magurudumu. Kila shafti ina beringi na sili yake pale mwisho, karibu kabisa na breki. Hii ndiyo sili ya gurudumu la nyuma kwa maana kamili. Ikivuja, mafuta ya gia hayana safari ndefu: yanaingia moja kwa moja kwenye ngoma, juu ya viatu vya breki.

Tazama inavyokuwa. Gurudumu la kushoto limelowa, la kulia ni kavu. Dereva anabeba magunia, anashuka mteremko, anakanyaga breki. Kulia inashika, kushoto inateleza. Trisikli inajivuta kuelekea kulia yenyewe, na yeye anapigana na usukani huku mzigo unamsukuma mgongoni. Watoto wanatembea pembeni ya barabara hiyohiyo wakitoka shule. Sihitaji kuendelea.

Kinachoiua sili ya trisikli ni vitu vitatu hasa. Mzigo kupita kiasi unapinda nyumba ya ekseli na kuzichosha beringi, shafti ikaanza kucheza. Tundu la pumzi, ambalo liko juu ya ekseli na linafunikwa na matope kila msimu wa mvua, likiziba, joto la difaransha linasukuma mafuta nje. Na mafuta yakijazwa kupita kiasi yanatafuta pa kwenda. Ekseli ina bolti ya kujazia, na mafuta yanatakiwa kufika kwenye ukingo wa tundu lake, basi. Trisikli isimame mahali tambarare unapopima. Na tia mafuta ya gia kama kitabu cha moto kinavyosema, usitie mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya lori eti yote ni mafuta.

Ukifungua ngoma na kukuta viatu vya breki vimelowa, vitupe. Ninajua hapa wengi watanikasirikia. Desturi yetu ni kuviosha kwa esansi, yaani petroli, kuvichoma kidogo kwa moto, kuvipiga msasa na kuvirudisha. Vinaonekana vikavu. Lakini mafuta yameingia ndani kabisa, na siku breki ikipata joto kwenye mteremko mrefu yanapanda tena juu. Yaani breki inakuacha wakati uleule unapoihitaji zaidi. Badilisha viatu vya pande zote mbili, usibadilishe upande mmoja, ili vishike sawa. Ngoma yenyewe ni chuma, hiyo unaweza kuiosha na kuikausha ukaitumia.

Na jambo la afya, vijana wangu mnaoketi karakana tangu asubuhi: msipulize vumbi la breki, kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya breki vya zamani, na vingine vya bei rahisi, vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaingia kwenye mapafu na kukaa humo miaka na miaka kabla ya ugonjwa kuonekana. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, lifuteni kwa kitambaa chenye maji. Esansi nayo iwekeni mbali na sigara na jiko la makala.

Mji wetu una watu waliolijua jambo hili la mafuta na ekseli kabla ya pikipiki kujaa. Kamina imekua na reli. Njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na kutoka hapa tawi jingine linaelekea Kabalo. Mabehewa ya zamani yalikuwa na sanduku la mafuta kwenye kila mwisho wa ekseli. Sanduku likivuja na kukauka, chuma kiligusana na chuma, kikawaka, ekseli ikaweza kukatika njiani. Ndiyo maana kazi ya reli ilikuwa na watu wa kupita kando ya treni iliyosimama, wakigusa masanduku hayo moja baada ya jingine kutafuta lenye moto. Waulizeni wazee wa shirika la reli la SNCC waliobaki mjini humu. Mtu aliyezoea kazi ile hahitaji kufundishwa kwamba ekseli inasema mapema kabla haijavunjika.

Dereva wa trisikli anaweza kufanya vivyo hivyo kila anaposimama kupakua. Ashuke, asogeze mgongo wa mkono karibu na ngoma ya kushoto, kisha ya kulia, bila kuishika kwanza, maana inaweza kuunguza. Moja ikiwa na joto zaidi sana kuliko nyingine, kuna kitu: breki inagusa, au beringi inakufa, au ile yenye baridi haishiki kabisa kwa sababu imelowa. Aangalie pia upande wa ndani wa pine. Mafuta ya gia yana harufu kali, huwezi kuyachanganya na kitu kingine.

Nimwambie neno mwenye moto, yule anayengoja pesa yake kila jioni. Baba, mama, moto ni yako. Kijana anayeiendesha anakuletea pesa ya siku, na akikosa anaogopa utampokonya. Kijana huyo hatakuambia kwamba fundi amesema beringi imekwisha. Atatia sili ya bei rahisi kwa pesa yake ya chakula na kusali. Muulize wewe mwenyewe. Mwambie siku ya kwenda kwa fundi haidaiwi pesa. Ninaliomba hili kwa moyo wote, kwa sababu ajali nyingi zinaanzia kwenye hofu ya kijana mbele ya tajiri wake.

Na ninyi abiria, mna haki ya kuinama. Kabla ya kupandisha mtoto, tazama gurudumu la nyuma. Ukiliona linang'aa kwa mafuta, mwambie dereva kwa heshima, panda nyingine. Atakayekasirika leo ataosha moto yake kesho.

Mafundi, mrudishieni mteja sili ya zamani mkononi. Mwonyesheni mdomo ulivyoliwa, mwonyesheni mfereji kwenye shafti. Mteja aliyeona kwa macho analipa bila kelele, na anarudi. Mafuta machafu myakusanye kwenye bidoni. Msiyamwage kwenye mtaro, kwa maana visima vyetu viko karibu, na chini ya mchanga huu hakuna kitu cha kuyazuia.

Kazi ikiisha, moto iende mwendo mfupi na kurudi, ipoe, kisha ipakwe unga upya mahali palepale na itembee siku nzima ya kazi. Jioni tazameni. Unga ukiwa mkavu, mnyororo ukaguliwe tena baada ya siku chache na mafuta yapimwe. Ukiwa umelowa upande uleule, msiende dukani kununua sili nyingine. Tafuteni tochi, toeni pinyo au gurudumu, na muanze na ukucha juu ya shafti.